Laptopu mpya inaganda na kujiwasha yenyewe, duka linasema "lete tupige Windows": nikubali?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Siku 16 zilizopita nilinunua laptopu mpya Kariakoo kwa shilingi 1,450,000. Boksi lilifunguliwa mbele yangu. Ilikuja na RAM ya GB 8, wakaniongezea kipande kingine ikawa GB 16, wakaniwekea na programu. Siku ya nne ikaanza kuganda: mshale hausogei, halafu kioo kinakuwa cha bluu na inajiwasha upya yenyewe. Kwenye picha nilizopiga, mara ya kwanza imeandika MEMORY_MANAGEMENT, mara ya pili PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na jana SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. Niliirudisha, wakapiga Windows upya, ikatulia siku mbili tu. Sasa wanasema ni virusi kutoka kwenye flashi zangu, niilete wapige tena. Nimechoka, nina mitihani ya kutunga, na nauli ya kwenda na kurudi inaniuma. Je, nikubali?

Jibu: Usikubali, Mwalimu. Angalau usikubali kabla hujafanya kipimo cha usiku mmoja nitakachokueleza. Kupiga Windows mara ya pili hakutatibu ugonjwa ulionao, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kunafuta ushahidi: orodha ya makosa, mafaili yanayoandikwa kila inapoanguka, tarehe na saa. Utarudi pale mara ya tatu ukiwa na maneno tu, na wao watakuwa na laptopu inayowaka vizuri juu ya kaunta kwa dakika kumi.

Nianze na zile picha, maana karibu jibu lote limo humo. Tatizo la draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) au la programu nyingine lina mazoea: hurudia msimbo uleule, na mara nyingi chini yake hutaja jina la faili linaloishia na .sys. Lako linarukaruka. Leo kumbukumbu, kesho ukurasa, keshokutwa huduma ya mfumo. Misimbo hubadilika hivyo pale RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, inapopewa kitu na kurudisha kitu kingine. Anayeanguka ni yeyote aliyekuwa anatumia sehemu ile mbovu kwa wakati ule, ndiyo maana kila siku analaumiwa mwingine. SSD mbovu, yaani diski inayohifadhi mafaili, nayo huangusha mashine, ila yenyewe hupenda kuonyesha KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR au CRITICAL_PROCESS_DIED, na kabla ya hapo laptopu huganda kwa muda mrefu huku diski ikisoma asilimia 100. Hukutaja lolote kati ya hayo.

Halafu kuna sentensi uliyoipitia haraka: "wakaniongezea kipande kingine." Mashine iliyotoka kiwandani ikafungwa na kupimwa, ikaja kufunguliwa dukani na kuchomekwa kipande cha RAM ambacho hatujui kimetoka wapi, kisha ndani ya siku nne ikaanza kutoa makosa ya kumbukumbu. Kama ningeambiwa niweke dau, ningeliweka hapo.

Kuongeza RAM si kosa, na kuchanganya kampuni mbili tofauti si kosa pia. Hata kipande cha kasi ya 2666 kikikaa na cha 3200, vyote vitashuka hadi 2666 na kazi itaendelea. Yanayoharibu ni mambo mawili. La kwanza ni kipande chenyewe: kimechomolewa kwenye mashine chakavu, au ni cha bei ya chini kisicho na utambulisho wa aliyekitengeneza. La pili ni uchomekaji. RAM ya laptopu huingizwa ikiwa imeinama kidogo, husukumwa mpaka meno yake ya dhahabu yamezama karibu yote ndani ya sloti, ndipo hulazwa chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni vilie "tik". Fundi mwenye haraka huilaza kabla haijazama vizuri. Itawaka, itasoma GB 16, na itafanya kazi mpaka ipate joto au mtikisiko wa safari ya basi.

Angalia kwanza ulicho nacho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Chini utaona Speed, Slots used na Form factor. Kisha fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Format-Table Manufacturer, PartNumber, Capacity, Speed

Zitatokea safu mbili, moja kwa kila kipande. Kile cha kiwandani kitakuwa na jina la kampuni na namba ndefu ya kipande. Kile cha pili kikionyesha Unknown, sifuri tupu au nafasi wazi, piga picha. Hiyo peke yake haithibitishi ubovu, ila inaeleza kilikotoka.

Sasa kipimo. Kabla hujagusa menyu ya kuwashia mashine, kuna kitu wengi wanakisahau halafu wanalia. Windows 11 za karibuni hujifunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza, hasa ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha mpangilio kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt, dirisha jingine la amri, kwa kuchagua Run as administrator, andika `manage-bde -protectors -get C:` na unakili tarakimu hizo kwenye karatasi. Kama hakuna kilichofungwa itakuambia, na utakuwa umepoteza dakika moja tu.

Hamisha pia kazi zako kwenye flashi au diski ya nje. Kisha fungua C:\Windows\Minidump na unakili mafaili yote yenye .dmp, kila moja ni kumbukumbu ya anguko moja. Yakiwa machache kuliko ulivyotarajia, ni kwa sababu yale ya mwanzo yalifutwa walipopiga Windows. Mwisho bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `perfmon /rel`. Utapata grafu ya siku kwa siku yenye alama nyekundu kila palipotokea anguko. Piga picha ya hiyo pia. Mwenye duka asiyesoma misimbo anaielewa hii grafu kwa jicho moja.

Pakua MemTest86, programu ya kupima RAM, toleo la bure. Ndani ya furushi lake kuna programu ndogo iitwayo imageUSB. Ifungue, chagua flashi yako, iandike. Kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika, kwa hiyo usichukue ile yenye mitihani ya kidato cha nne. Kama unaweza, kazi hii ifanyie kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, maana laptopu yenye RAM mbovu inaweza kuharibu hata faili inayolipakua. Zima laptopu, chomeka flashi, iwashe huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Acer nyingi hutumia F12 pia, ila lazima kwanza uiruhusu menyu hiyo kwenye BIOS. Chagua flashi, na kipimo kitaanza chenyewe baada ya sekunde chache.

Acha kizunguke mizunguko yote minne. Kwa GB 16 hiyo ni kazi ya saa kadhaa, ndiyo maana nikasema usiku mmoja. Weka laptopu juu ya meza ngumu, si kitandani, chaja ikiwa imechomekwa. Mzunguko wa kwanza ukipita bila kosa usikimbilie kulala ukiwa na furaha, kwa kuwa RAM iliyolegea au chipu dhaifu mara nyingi husubiri joto.

Makosa yakitokea utaona mistari mekundu ya namna hii: Expected FFFFFFFF, Actual FFFFFBFF. Tazama vizuri, ni herufi moja tu iliyobadilika, F imekuwa B. Maana yake biti moja iliyotakiwa kuwa 1 imerudi 0. GB 16 zina biti zaidi ya bilioni 137, na moja tu kati ya hizo ikidanganya inatosha kuiangusha Windows. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "makosa matatu ni kidogo." Kwenye RAM idadi inayokubalika ni sifuri. Piga picha kioo chote, pamoja na ile ripoti ya mwisho yenye FAIL.

Ndani ya Windows kuna kipimo kingine kinachofunguka kwa `mdsched`. Kikikuta kosa, kiamini. Kikisema hakuna tatizo, usikiamini sana. Ni chepesi kuliko MemTest86.

Ukishapata makosa, usifungue laptopu mwenyewe. Najua skrubu ni kumi tu na video za kuonyesha zipo tele, lakini mkono wako ukishaingia mle, kesho utaambiwa wewe ndiye uliyeharibu. Kwa sasa aliyefungua mashine hii ni duka peke yake, na hilo ni silaha yako kubwa. Peleka, waitoe ile RAM waliyoiongeza mbele ya macho yako, kisha ipimwe tena ikiwa na GB 8 za kiwandani tu. Mzunguko mmoja kwa GB 8 hauchukui muda mrefu. Nenda asubuhi na ukae hapohapo.

Majibu yatakuwa mawili. Makosa yakitoweka, mashine yako ni nzima na kipande chao ndicho kibovu: wakupe kingine kipya chenye jina la kampuni, kipimwe ukiwa hapo, au warudishe fedha ya hicho kipande uondoke na GB 8. Windows 11 na Word kwa kazi ya mwalimu zinaenda vizuri na GB 8, usidanganywe. Makosa yakibaki, basi ni RAM iliyochomelewa kwenye bodi, au sloti, au bodi yenyewe. Hapo usikubali "tutaitengeneza." Kubadilisha chipu za kumbukumbu ni kazi ya kuyeyusha risasi na kuchomelea upya kwa joto kali. Fundi hodari anaiweza, ila si jambo la kufanyiwa mashine ya siku 16 uliyolipia kama mpya. Dai nyingine au fedha zako.

Na kama MemTest86 itamaliza mizunguko minne bila kosa hata moja? Nitashangaa, lakini hutokea. Basi fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, uone hali ya SSD: afya iwe asilimia 100 au karibu sana, na mstari wa Media and Data Integrity Errors usome sifuri. Baada ya hapo andika Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, iwashe kwa chaguo la kuijaribu bila kuisakinisha, na uitumie jioni nzima: video, kurasa nyingi, kila kitu. Inaendeshwa kutoka kwenye flashi, haigusi Windows wala diski. Ikiganda hata humo, basi Windows, draiva zake, programu na hao virusi wote wameachiwa huru kwa mpigo, na kilichobaki ni kifaa. Isipoganda, rudi kwenye Windows, chukua draiva na toleo jipya la BIOS kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, uone. Jaribu pia kuitumia kwa betri tu, chaja ikiwa imechomolewa. Tatizo likija wakati wa chaja pekee, linganisha wati zilizoandikwa kwenye stika ya chaja na zile ambazo kampuni inazitaka kwa modeli yako.

Kuhusu virusi: vilivyopo siku hizi vinataka nywila na fedha zako, kwa hiyo vinataka mashine iendelee kuwaka. Windows iliyopigwa jana na kuanguka kesho kwa misimbo ya kumbukumbu inayobadilika si kazi yao.

Kwa kuwa tayari una mashaka na duka, kagua pia kama laptopu yenyewe ni mpya kweli. Boksi kufunguliwa mbele yako hakutoshi, maana maboksi hufungwa upya. Kwenye Command Prompt andika `powercfg /batteryreport`. Itakuambia imehifadhi wapi ripoti, ifungue kama ukurasa wa intaneti. Tazama mistari mitatu. Tuseme DESIGN CAPACITY inasoma 41,040 mWh, FULL CHARGE CAPACITY 40,600, na CYCLE COUNT 7: hiyo ni betri mpya ya mtu aliyeitumia wiki mbili. Lakini ikisoma 41,040 kwa 33,200 na CYCLE COUNT 187, imeshalala kwenye nyumba ya mtu mwingine kwa muda mrefu. Baadhi ya laptopu huacha CYCLE COUNT ikiwa na kistari tu, basi tegemea zile mbili za kwanza. Kwenye CrystalDiskInfo soma Power On Hours. Kwa siku 16 za mwalimu anayeandaa masomo, tarajia saa mia moja hivi au pungufu. Ukikuta 2,000, una swali la kuuliza.

Kisha namba ya serial. `Get-CimInstance Win32_BIOS` kwenye PowerShell itakuonyesha iliyomo ndani ya mashine. Ilingane na ya stika iliyo chini ya laptopu na ya boksi. Iingize kwenye ukurasa wa waranti wa kampuni iliyoitengeneza, uone tarehe ambayo waranti ilianza kuhesabiwa. Waranti iliyoanza miaka miwili kabla hujanunua inajieleza yenyewe.

Angalia na Windows waliyokupigia. Andika `slmgr /xpr`. Ikisema imeamilishwa kudumu, sawa. Ikikupa tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita ijayo, wamekuwekea leseni ya maofisini kwa njia za panya, na programu za kuamilisha za aina hiyo huwa zinazima ulinzi wa Windows ili zifanye kazi. Kwa hiyo kama kuna virusi kwenye mashine hii, flashi zako si za kwanza kushukiwa.

Tuje kwenye duka. Usipige simu, andika. WhatsApp inatosha kuanzia, kwa kuwa inabaki na tarehe. Andika hivi, ujaze nafasi:

"Habari. Tarehe … nilinunua kwenu laptopu modeli …, serial …, kwa Tsh 1,450,000, risiti ya EFD namba …, pamoja na RAM ya GB 8 mliyoiongeza ninyi. Tangu tarehe … inaganda na kujiwasha upya. Tarehe … mlipiga Windows, tatizo likarudi baada ya siku mbili. Tarehe … nimepima RAM kwa MemTest86 na imeonyesha makosa. Picha hizi hapa. Naileta tarehe … ili mtoe RAM mliyoongeza na kuipima tena mbele yangu. Makosa yakibaki, nahitaji mashine nyingine mpya ya aina hiyo au kurudishiwa fedha. Naomba jibu kwa maandishi."

Hakuna tusi wala kitisho humo, na ndivyo iwe. Ujumbe huu utasomwa na mtu wa tatu siku moja.

Watakuonyesha yale maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kwangu mimi hayo yanamhusu aliyebadili mawazo akifika nyumbani, si aliyeuziwa kitu kibovu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Ila sheria hiyohiyo inakuhesabu umeipokea bidhaa ukikaa nayo kwa muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kuwa unaikataa. Siku 16 una nguvu, miezi mitano ya "lete tuangalie" itakumaliza. Wakigoma kabisa, kuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayopokea malalamiko ya walaji. Nenda na risiti ya EFD, picha na huo ujumbe. Kama hukupewa risiti ya EFD, idai leo kabla hujawatumia ujumbe huo.

Ikibidi laptopu ilale kwao, usiondoke bila karatasi yenye tarehe, serial, tatizo ulilolitaja na sahihi ya aliyepokea. Piga picha ya namba ya serial ya SSD kwenye CrystalDiskInfo kabla, kwa sababu vipande hubadilishwa. Toka kwenye akaunti zako zote, uache akaunti tupu ya fundi isiyo na nywila yako.

Na hiyo mitihani usiitungie humo kwa sasa. RAM mbovu haiangushi mashine kila inapokosea. Mara nyingine inaharibu faili kimyakimya wakati wa kuhifadhi, na utagundua siku ya kuchapisha. Azima kompyuta ya shule. Mafaili uliyoyafungua na kuyahifadhi upya kwenye laptopu hii katika siku hizi 16, yafungue moja moja kwenye mashine nyingine, na nakala za zamani usizifute mpaka umehakikisha. Ukipanda treni kwenda Dar, beba laptopu na chaja yake ndani ya boksi, risiti, ile karatasi ya tarakimu 48, na flashi ya MemTest86. Dukani huenda hawana.